TULINDE DIZELI YA MASHINE YA KUSAGA

Katika vijiji vyetu vingi kuna mashine ya kusaga nafaka. Siku hizi vijiji vingi vimepata umeme, na mashine zao zinaendeshwa kwa umeme. Lakini bado kuna mashine nyingi zinazotumia dizeli. Trekta, malori, jenereta na pampu za kumwagilia mashamba pia hutumia dizeli.

Dizeli ni mali. Tunainunua kwa fedha tulizozipata kwa jasho. Kwa hiyo inatupasa kujua namna ya kuitunza.

Watu wengi wanajua kwamba maziwa huganda, nyama huoza na mahindi hubunguliwa na wadudu. Lakini wanadhani dizeli haiharibiki. Wanasema, "Mafuta yamo ndani ya pipa la chuma. Nani atayala?"

Wapo wanaoyala. Ni vijidudu vidogo sana ambavyo hatuwezi kuviona kwa macho. Somo hili linaeleza vijidudu hivyo ni nini, vinaletwa na nini, na jinsi ya kuviondoa na kuvizuia.

MASHINE INASIMAMA

Katika kijiji kimoja mashine ya kusaga ilianza kusumbua mara baada ya masika. Kwanza injini ilipoteza nguvu. Ilinguruma vizuri, halafu ikafifia, halafu ikanguruma tena. Mwishowe ilizimika kabisa.

Mwendesha mashine alifungua chujio la dizeli. Alikuta limeziba. Akaweka chujio jipya, na mashine ikawaka. Baada ya siku tatu ilizimika tena. Alipofungua lile chujio jipya, alikuta nalo limeziba. Lilikuwa limejaa ute mweusi unaoteleza kama kamasi.

Kina mama wakaanza kubeba madebe ya mahindi kichwani kwenda kusaga kijiji cha pili. Ulikuwa mwendo wa saa mbili kwenda, na saa mbili kurudi. Wengine walirudia kinu na mchi. Kazi ya palizi ilichelewa, na watoto walilala kabla ugali haujaiva.

Maneno yakaanza. Mtu mmoja alisema, "Kijana yule anauza dizeli usiku, halafu anajaza maji." Siku ya pili watu kumi walikuwa wakisema hivyo. Siku ya tatu kijiji kizima kilisema hivyo.

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Wengi walitaka mwendesha mashine aondolewe kazini na alipe pipa zima la dizeli. Pipa moja lina lita 200. Kijana yule alikuwa na mke na watoto wawili. Angelipa kwa kitu gani?

Ndipo akasimama mzee mmoja. Zamani alikuwa fundi wa injini za mashua katika Ziwa Victoria. Alisema, "Ndugu mwenyekiti, kabla hatujamhukumu kijana huyu, nipeni chupa nyeupe ya kioo."

Aliletewa chupa. Akachukua bomba refu la kunyonyea, akaliingiza mpaka chini kabisa ya pipa, akavuta kidogo na kuyatia mafuta ndani ya chupa. Kisha akaiweka chupa juu ya meza, mbele ya watu wote. Akasema, "Sasa tungoje."

Baada ya muda watu walianza kuona. Juu palikuwa na dizeli. Chini palikuwa na maji machafu. Katikati, pale dizeli na maji vinapokutana, palikuwa na utando mweusi.

Mama mmoja alisema, "Maji si hayo hapo, mzee? Basi ametia maji kweli."

Mzee alijibu, "Maji yamo, mama. Lakini utando huu haukui kwa siku moja. Unataka majuma mengi, pengine miezi. Twendeni tukatazame pipa lilikokaa."

Wakaenda. Pipa lilikuwa limesimama nje, chini ya mchirizi wa paa, kwa sababu ghala ilikuwa imejaa mahindi. Juu ya mfuniko wa pipa palikuwa na dimbwi la maji ya mvua. Kizibo kilikuwa katikati ya dimbwi hilo. Pipa lilikuwa limekaa pale miezi minane.

Mzee aliuliza, "Nani aliamuru pipa likae hapa?" Watu walinyamaza. Ni kamati yenyewe iliyoamua.

Kisha kijana alileta daftari lake. Alikuwa amejifunza kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima. Kila siku aliandika lita za dizeli alizotia katika injini na magunia yaliyosagwa. Mweka hazina akajumlisha. Hesabu ilikubali. Hakuna hata lita moja iliyopotea.

Kijana hakufukuzwa. Mama yule akamwambia, "Tusamehe, mwanangu. Hatukujua."

Ndugu msomaji, kutojua kulikaribia kumwangamiza mtu asiye na hatia. Tuendelee ili nasi tujue.

UTE ULE NI KITU GANI?

Ute ule ni makazi ya vijidudu. Baadhi ni vya jamii ya bakteria. Vingine ni vya jamii ya ukungu, yaani ndugu wa ule ukungu unaoota juu ya mkate wa siku nyingi au juu ya mahindi mabichi yaliyowekwa ghalani. Upo ukungu mmoja unaopenda sana mafuta. Wataalamu huuita "ukungu wa mafuta ya taa", kwa sababu unaota hata katika mafuta ya taa.

Bakteria ni wadogo mno. Ukipanga bakteria elfu moja katika mstari mmoja, mstari wote utakuwa na urefu wa kiasi cha milimita moja tu. Ndiyo sababu hatuwaoni. Tunaona ute wao tu, wanapokuwa wamekusanyika mamilioni kwa mamilioni.

Vijidudu hivi vinahitaji vitu vitatu ili viishi.

Kwanza, chakula. Chakula chao ni dizeli yenyewe.

Pili, joto. Vinapenda joto la kiasi cha nyuzi 25 hadi 35. Hilo ndilo joto la sehemu nyingi za nchi yetu.

Tatu, maji. Hili ndilo jambo kubwa. Vijidudu vinakula dizeli, lakini vinaishi ndani ya maji. Pasipo maji haviwezi kukua.

Sasa fikiri. Chakula hatuwezi kukiondoa, kwa kuwa ndiyo dizeli tunayoitaka. Joto hatuwezi kuliondoa, kwa kuwa ndiyo hali ya hewa yetu. Lakini maji tunaweza kuyaondoa. Kwa hiyo vita vya kupigana na vijidudu vya dizeli ni vita vya kupigana na maji.

Maji ni mazito kuliko dizeli. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kiasi cha gramu 820 hadi 860. Kwa hiyo maji yakiingia katika pipa yanazama mpaka chini, na dizeli inakaa juu yake. Vijidudu hukaa pale vinapokutana. Hapo vinapata maji kwa chini na chakula kwa juu.

Maji kidogo tu yanatosha. Kijidudu kimoja hugawanyika kuwa viwili. Viwili huwa vinne. Vinne huwa vinane. Kikigawanyika mara kumi, vinakuwa 1,024. Wewe mwenyewe piga hesabu uone vitakuwa vingapi vikigawanyika mara ishirini.

Usidhani kwamba jambo hili linapata mashine za vijijini peke yake. Katika miaka ya 1950 na 1960, ndege za jeti zilipoanza kuwa nyingi duniani, mafundi walikuta ute na ukungu ndani ya matangi ya mafuta ya ndege. Machujio yaliziba, na kuta za matangi zikaliwa. Sababu ilikuwa ni ile ile: maji yaliyobaki chini ya matangi. Tangu hapo mafundi wa ndege huyatoa maji hayo na kuyakagua mafuta kila mara. Kama wenye ndege wanaona umuhimu wa kufanya hivyo, sisi wenye mashine ya kusaga tusione ni kazi bure.

MAJI HUINGIAJE NDANI YA PIPA?

Mtu anaweza kuuliza, "Pipa limefungwa. Maji yanapita wapi?" Yapo mapito manne.

1. Mvua. Pipa likisimama nje, maji ya mvua hutuama juu ya mfuniko. Mchana jua hulipasha pipa joto. Hewa iliyomo ndani hutanuka, na nyingine hutoka kwa kupenya kwenye kizibo. Usiku pipa hupoa. Hewa ya ndani husinyaa, na pipa huvuta. Kama juu ya kizibo kuna maji, pipa huvuta maji. Hufanya hivyo kila usiku, kidogo kidogo. Kizibo kinaweza kuonekana kimekazwa vizuri, na bado maji yakapenya.

2. Umande wa ndani. Pipa au tangi lisilojaa lina nafasi ya hewa. Hewa ina unyevu. Usiku unyevu huo hugeuka matone juu ya chuma baridi, kama vile unavyoona matone juu ya bati asubuhi. Matone hutiririka mpaka chini.

3. Vyombo. Ndoo iliyotumika kuteka maji, kisha ikatumika kubeba dizeli, huleta maji. Faneli iliyoachwa nje huleta maji na vumbi.

4. Mafuta yaliyokuja na maji. Mara nyingine dizeli ina maji tangu ilikonunuliwa, au iliingia maji njiani. Kwa hiyo kagua kabla ya kupokea.

VIJIDUDU VINAHARIBU NINI?

Kwanza vinaziba chujio. Chujio likiziba, dizeli haifiki kwenye injini kwa wingi unaotakiwa. Injini hufifia na kuzimika. Machujio yanakuwa ya kununua kila mara, na fedha ya kijiji inakwisha.

Pili vinatoa asidi. Bakteria wengine hutoa hewa yenye harufu ya mayai viza. Asidi na hewa hiyo hula chuma. Pipa linapata kutu kwa chini na kutoboka. Tangi la injini nalo linapata kutu.

Tatu, maji na uchafu vikipita chujio, vinafika kwenye pampu ya dizeli na kwenye nozeli. Hizi ni sehemu zilizotengenezwa kwa vipimo vidogo sana. Dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha. Maji hayalainishi. Yanazikwaruza na kuzitia kutu. Pampu ya dizeli ikifa, mashine inaweza kulala majuma mengi ikingoja fedha ya pampu nyingine.

JINSI YA KUTAMBUA

Zipo dalili. Ukiona mojawapo, usingoje.

- Chujio linaziba mapema kuliko kawaida.
- Injini inapoteza nguvu, inafifia na kunguruma.
- Ndani ya chujio mna ute unaoteleza, mweusi au wa rangi ya udongo.
- Dizeli ina ukungu, haiangazi.
- Pipa lina harufu ya mayai viza.

Kisha fanya kipimo cha chupa kama alivyofanya yule mzee.

1. Acha pipa litulie usiku mzima. Usilitikise wala kulisukuma.
2. Chukua chupa nyeupe ya kioo, safi na kavu.
3. Ingiza bomba la pampu ya mkono mpaka chini kabisa ya pipa.
4. Vuta kidogo, ujaze chupa nusu.
5. Iache chupa mahali palipotulia kwa saa moja au zaidi.
6. Iinue chupa kwenye mwanga na utazame.

Kama chupa yote ina rangi moja na inaangaza, dizeli ni njema. Kama chini kuna maji safi tu, maji yameingia lakini huenda vijidudu havijakua. Yaondoe maji leo. Kama kati ya maji na dizeli kuna utando au nyama nyama zinazoelea, vijidudu vimekwisha kukaa.

Ukitikisa chupa, mchanga na kutu vitashuka upesi. Utando wa vijidudu hushuka polepole, na hurudi pale pale katikati. Hivyo ndivyo utakavyoujua.

Ipo pia dawa ya kupaka kwenye kijiti cha kupimia. Ikigusa maji hubadilika rangi. Vituo vya mafuta huitumia. Kama kamati inaweza kuipata, ni msaada mzuri.

DIZELI IKIWA IMEHARIBIKA, TUFANYE NINI?

Usilie kwamba pipa lote limepotea. Mara nyingi dizeli ya juu inafaa. Fuata mambo haya kwa mpango wake.

1. Zima mashine. Usiendelee kuvuta mafuta katika pipa lile.

2. Liache pipa litulie siku moja nzima au zaidi, ili maji na ute vishuke chini.

3. Kwa pampu ya mkono, vuta kutoka chini kwanza. Toa maji na ute wote mpaka uone dizeli inayoangaza. Utie uchafu huo katika debe lenye mfuniko.

4. Sasa hamisha dizeli ya juu. Ipitishe katika chujio safi, ikaingie katika pipa lingine safi na kavu. Kitambaa huzuia uchafu mkubwa tu. Hakizuii maji wala vijidudu, kwa hiyo tumia chujio la dizeli hasa. Dizeli ya mwisho iliyo karibu na uchafu usiihamishe.

5. Kama dizeli ya juu nayo ni nyeusi, ina ukungu na inanuka, usiitie katika injini. Mwite fundi aikague.

6. Safisha lile pipa la zamani. Lisuuze kwa dizeli safi kidogo, ukilizungusha ili ute ulioganda ubanduke. Mwaga suuzo hiyo katika debe la uchafu. Rudia mpaka suuzo itoke safi. Kisha liache pipa lichuruzike na likauke kabisa, mbali na moto.

7. Safisha tangi la injini vivyo hivyo. Usilisahau. Ukisafisha pipa na kuliacha tangi, vijidudu vya tangi vitaanza upya.

8. Weka chujio jipya. Toa hewa katika mabomba ya dizeli kama fundi alivyokuonyesha, ndipo uwashe injini.

9. Weka chujio la akiba tayari. Katika siku za kwanza ute uliobaki mabombani hubanduka, na chujio linaweza kuziba tena mara moja.

Ipo dawa maalumu ya kuua vijidudu vya dizeli. Wenye meli na wenye mashine kubwa huitumia. Dawa hii ni sumu. Kama fundi ameshauri muitumie, soma maandiko yaliyo kwenye chupa. Pima kama yalivyoelekeza, usizidishe wala usipunguze. Vaa glovu, na ukinge macho. Iweke mbali na watoto.

Lakini kumbuka: dawa inaua vijidudu, haiondoi maiti zao. Ute uliokufa huziba chujio sawasawa na ute ulio hai. Tena dawa haiondoi maji. Maji yakibaki, vijidudu vingine vitakuja. Kwa hiyo safisha kwanza, dawa baadaye. Pipa dogo la kijiji likisafishwa vizuri na kutolewa maji kila juma, mara nyingi halihitaji dawa.

MAMBO YA KUTOFANYA

Watu wengine hujaribu njia za mkato. Nyingine zina hatari.

Usichanganye dizeli na mafuta ya taa kwa kudhani yataua vijidudu. Hayaviui. Upo ukungu unaoishi katika mafuta ya taa yenyewe.

Usitie petroli. Mvuke wa petroli hushika moto upesi. Waweza kuunguza nyumba ya mashine na watu.

Usitie dawa ya kufulia, chumvi wala dawa ya kusafishia maji. Hivyo vitakula chuma cha pampu na nozeli.

Usinyonye dizeli kwa mdomo. Ikiingia kwenye mapafu inaweza kukuua. Tumia pampu ya mkono.

Usivute sigara karibu, wala usichomelee pipa lililokuwa na mafuta. Pipa tupu lina mvuke ndani. Linaweza kulipuka kama bomu.

Usiingize kichwa katika tangi linalonuka mayai viza. Hewa ile ni sumu.

Usimwage uchafu wa pipa mtoni, kisimani au shambani. Uweke katika debe lenye mfuniko, na mwulize fundi wa gereji inayokusanya mafuta machafu mahali pa kuupeleka.

KUZUIA NI RAHISI KULIKO KUTIBU

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Hayo yote tuliyosoma ni kazi ya kujenga ukuta. Sasa tuone namna ya kuziba ufa.

Mahali. Weka pipa chini ya paa, mahali pa kivuli. Kama hakuna paa, lilaze juu ya magogo mawili. Vizibo vyake viwili vikae usawa mmoja, kimoja kulia na kimoja kushoto. Hapo dizeli inavifunika kwa ndani, na mvua haituami juu yake.

Pipa linalotumika. Lisimamishe chini ya paa, juu ya mbao. Liegemeze kidogo upande mmoja ili maji yakusanyike upande huo. Bomba la pampu likae upande wa juu, na mdomo wake uwe mbali na chini kwa kiasi cha upana wa kiganja. Hivyo hutavuta maji yaliyo chini.

Kutulia. Pipa jipya likifika, liache litulie siku moja kabla ya kulitumia. Barabara zetu zimelitikisa, na maji yamechanganyika na dizeli.

Kutoa maji. Kila juma, siku moja maalumu, toa maji chini ya pipa, chini ya tangi na chini ya chujio. Fanya asubuhi kabla ya kuwasha mashine, wakati maji yametulia.

Kujaza tangi. Jaza tangi la injini jioni baada ya kazi, siyo asubuhi. Tangi lililojaa halina nafasi ya hewa ya kuleta umande.

Vyombo. Ndoo na faneli ya dizeli iwe ya dizeli tu. Visiwe vyombo vilivyopakwa zinki, kama zile ndoo nyeupe za bati. Zinki hupatana vibaya na dizeli, na hutoa uchafu kama sabuni unaoziba chujio.

Kutunza akiba. Nunua dizeli ya kutosha miezi miwili au mitatu tu. Pipa lililotangulia kuja litangulie kutumika. Andika tarehe juu ya kila pipa kwa rangi.

DAFTARI LA DIZELI

Katika kijiji kile, daftari ndilo lililomwokoa kijana. Kila kijiji chenye mashine kiwe na daftari kama hilo. Mwendesha mashine aandike, na mweka hazina akague kila mwisho wa juma. Mambo ya kuandika ni haya:

- Tarehe.
- Lita zilizopokelewa, na lita zilizotumika.
- Magunia yaliyosagwa.
- Maji yaliyotolewa chini ya pipa: hakuna, kidogo, au mengi.
- Utando: upo au haupo.
- Siku chujio lilipobadilishwa.

Daftari hili lina faida mbili. Kwanza, linaonyesha ugonjwa kabla haujawa mkubwa. Kama juma la kwanza maji yalikuwa kidogo, na juma la tatu ni mengi, ipo njia inayoingiza maji. Itafuteni. Pili, linaondoa masengenyo. Penye hesabu iliyoandikwa, hakuna haja ya kumshuku mtu. Kama kuna mwizi, hesabu itamwonyesha. Kama hakuna, hesabu itamlinda asiye na kosa.

Kazi hii siyo ya mwendesha mashine peke yake. Kamati ndiyo inayoamua pipa likae wapi, na ndiyo inayotoa fedha ya chujio na pampu ya mkono. Wanakijiji ndio wanaoweza kujenga banda dogo la nguzo nne na bati chache. Katika kijiji kile walijenga banda hilo kwa siku mbili. Kina mama wakarudi kusaga nyumbani.

KUMBUKA

Vijidudu hula dizeli, lakini huishi ndani ya maji.
Maji huzama chini. Yatoe kila juma.
Pipa lisikae kwenye mvua.
Kabla ya kumlaumu mtu, chukua chupa nyeupe utazame.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Vijidudu vya dizeli vinahitaji vitu gani vitatu? Ni kipi tunachoweza kukiondoa?
2. Kwa nini maji hukaa chini ya dizeli?
3. Eleza jinsi pipa linavyoweza kuvuta maji ya mvua wakati wa usiku.
4. Kwa nini dawa ya kuua vijidudu peke yake haitoshi?
5. Pipa lilikuwa na lita 200. Wakatoa lita 12 za maji na uchafu, na lita 8 za dizeli iliyokuwa karibu na uchafu. Walihamisha lita ngapi za dizeli njema?
6. Pipa la dizeli la kijiji chenu linakaa wapi? Nani anatoa maji, na siku gani? Kama hakuna anayetoa, zungumzeni nani atafanya kazi hiyo kuanzia juma hili, kisha mwandike jina lake katika daftari.